Mkeka wa laki tatu na themanini: omba taarifa ya M-Pesa kabla hujatoa elfu ishirini

Mleta uzi, wasema mtoto wa ami yako hapo Barani, Malindi, amekutumia picha ya meseji ya M-Pesa, mkeka wake (mechi kadhaa alizobashiri kwa dau moja) umemlipa 380,000, asema hula "kila wiki", na sasa ataka uongeze 20,000 mcheze pamoja. Usibishane naye habari za mpira. Anza na hiyo picha.

M-Pesa haipitishi zaidi ya 250,000 kwa muamala mmoja. Meseji moja ya 380,000 imechongwa, basi. Akikuletea mbili, soma namba ya muamala kwenye kila moja. Ina herufi na tarakimu, kumi kwa jumla, na tatu za mwanzo ni tarehe: ya kwanza mwaka (S ni 2024, T ni 2025), ya pili mwezi, kuanzia A ya Januari hadi L ya Desemba, ya tatu siku, 1 hadi 9, halafu A ni tarehe 10, B ni 11, mpaka V tarehe 31. Inayoanza na TGR ni ya 27 Julai 2025. Wachongaji hubadilisha kiasi na tarehe iliyoandikwa, namba wakaisahau.

Lakini namba ikiwa safi, umejua tu kwamba pesa iliingia. Wengi hawasemi uongo hata kidogo, ila hutaja kilichorudi na kunyamazia kilichokwenda. Hata dau lenyewe huhesabiwa: ukiweka 1,000 kwa odi ya 1.85 (yaani dau mara 1.85) unarudishiwa 1,850, na kijiweni itatajwa 1,850, ilhali faida ni 850.

Kwa hivyo omba taarifa ya miezi sita. Apige *334#, aingie kwenye akaunti yake, aombe taarifa. Huja kwa baruapepe ikiwa imefungwa, na namba ya kuifungulia huja kwa meseji. Aifungue mbele yako. Jumlisha zote zilizokwenda paybill (namba za malipo) za kamari, kisha zilizorudi kutoka huko, utoe. Usikubali ukurasa wa historia ya mikeka badala yake. Una kichujio cha kuonyesha iliyoshinda peke yake, na tarakimu za ukurasa uliofunguliwa kwenye kompyuta mtu huzibadilisha kwa dakika moja. Video za kindege (mchezo wa kamari wa Aviator) ndizo duni kuliko zote, maana mchezo huo una sehemu ya majaribio yenye pesa za bandia.

Mtu kula mkeka mkubwa mara moja yawezekana. Cha kutilia shaka ni "kila wiki." Chukua mechi kumi zenye nafasi nusu kwa nusu ya kupatia, kila moja odi 1.85. Dau huzidishwa karibu mara 470, lakini nafasi ya kupatia zote ni moja kati ya 1,024. Kwa wastani, kila shilingi 100 inarudi 46.

Akisema mikeka anapewa na "mjuzi" wa Telegram aliyepatia tatu mfululizo, hiyo ni hesabu nyepesi. Watu 800: nusu waambiwe timu ya nyumbani itashinda, nusu haitashinda. Waliokosewa huachwa, 400 waliobaki wagawanywe tena, kisha 200. Mia moja wameona ubashiri tatu bila kosa, na hao ndio huuziwa mkeka wa nne.

Na akidai alichezea laini nyingine, taarifa ya laini hiyo pia iletwe. Kuna wachezaji wenye mbili, moja ya kuonyesha watu.