Maswali Yenu: Kombe la Kiarabu, kuanzia vikosi hadi kadi za njano

Barua nyingi tulizopokea zinahusu Kombe la Kiarabu, mashindano ya soka ya timu za taifa, lililochezwa Qatar kuanzia Desemba 1 hadi 18, 2025. Tumechagua zinazouliza mambo ambayo watangazaji huyapita mbio.

Swali: Ndugu wahariri, Moroko wamelitwaa kombe bila Achraf Hakimi, na Misri wametolewa kwenye makundi bila Mohamed Salah. Hizi ni timu za taifa kweli, au ni timu B?

Jibu: Ni timu za taifa, zimeteuliwa na mashirikisho yao na zinavaa jezi ileile. Ila kwa baadhi ya nchi si kikosi cha kwanza, na chanzo ni kalenda. FIFA imeyasimamia mashindano haya tangu 2021, lakini yamechezwa nje ya siku ambazo klabu hulazimika kuwaachia wachezaji. Klabu ya Ulaya ikikataa mwezi Desemba, shirikisho halina pa kulalamika.

Nchi za Afrika ndizo zinazobanwa zaidi. Kombe la 2021 lilifuatwa na AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya Cameroon Januari 2022. Safari hii fainali ilipigwa Desemba 18, na AFCON ikafunguliwa Moroko siku tatu baadaye. Hata kwa AFCON yenyewe klabu ziliruhusiwa kukaa na wachezaji wao hadi Desemba 15. Kwa hiyo kocha aliyewataka nyota wake Doha alikuwa anaomba hisani.

Kila shirikisho likachagua njia yake. Misri walimpa kocha Helmy Toulan kikosi cha pili, Hossam Hassan akabaki na kile cha AFCON. Aljeria walimtumia Madjid Bougherra 2021 na tena 2025, huku timu kuu ikiwa chini ya Djamel Belmadi mwaka 2021 na Vladimir Petković mwaka 2025. Moroko walimkabidhi kazi Tarik Sektioui, na hapa ndipo wengi walipokosea hesabu. Sektioui alikuwa ametoka kushinda CHAN (kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani) Agosti 2025, akiifunga Madagascar 3-2 kwenye fainali Nairobi, na baadhi ya vijana wale ndio aliokwenda nao Qatar. Mohamed Rabie Hrimat, aliyechaguliwa mchezaji bora wa CHAN, ndiye aliyechukua tuzo hiyohiyo Doha.

Misri nao hawakuwa na nyota wao, lakini kikosi chao kilikusanywa kwa ajili ya kazi hiyo tu. Walitoka sare 1-1 na Kuwait, wakatoka sare 1-1 na Falme za Kiarabu, kisha Jordan wakawachapa 3-0. Kilichozitenganisha Misri na Moroko ni muda wa kucheza pamoja, wala si majina.

Upande wa Asia hali ni nyepesi. Wachezaji wengi wa Saudi Arabia na Iraq wako kwenye ligi za nyumbani au za jirani, kwa hiyo hupatikana. Jordan walifika fainali na kundi kubwa la kikosi kilichofuzu Kombe la Dunia la 2026, ingawa walimpoteza Yazan Al-Naimat aliyeumia kwenye robo fainali dhidi ya Iraq.

Kwa hiyo kabla ya kutabiri, angalia kwanza nani anakaa kwenye benchi la ufundi: akiwa kocha tofauti na wa timu kuu, tegemea kikosi tofauti. Halafu pitia orodha ya wachezaji uone wangapi wamewahi kucheza pamoja kwenye mashindano ya mwaka huohuo. Viwango vya FIFA vitakudanganya hapa, maana vinapima timu kuu, na timu kuu huenda haipo.

Swali: Mwaka 2021 Misri na Aljeria walilingana kila kitu kwenye kundi. Nani aliamua Misri waongoze? Na Tunisia je, 2025 walimfunga mwenyeji 3-0 wakatolewa!

Jibu: Tuanze na 2021, maana mfano kama huo hutokea mara chache sana. Misri walimfunga Lebanon 1-0 na Sudan 5-0. Aljeria walimfunga Sudan 4-0 na Lebanon 2-0. Walipokutana wakatoka 1-1. Jumlisha: kila mmoja ana pointi 7, mabao 7 ya kufunga na bao 1 la kufungwa. Tofauti ya mabao haikusaidia, mabao ya kufunga hayakusaidia, na mechi yao wenyewe ilikuwa sare.

Hapo ndipo kipimo cha nidhamu kinapoingia. Kadi ya njano hukata pointi 1, nyekundu inayotokana na njano mbili hukata 3, nyekundu ya moja kwa moja hukata 4, na njano ikifuatiwa na nyekundu ya moja kwa moja hukata 5. Misri walikuwa na kadi chache, wakashika nafasi ya kwanza. Kama nazo zingelingana, ingebaki kura.

Usidhani ni jambo dogo. Kwenye robo fainali mshindi wa kundi moja hukutana na wa pili wa kundi jirani: A kwa B, C kwa D. Misri wakapangiwa Jordan, wakashinda 3-1 katika muda wa nyongeza. Aljeria wakapangiwa Moroko, mechi ngumu kuliko zote za mwaka ule: 2-2, kisha 5-3 kwa penalti. Kocha anayemlaumu mchezaji wake kwa kuvua jezi akishangilia dakika ya 90 ana hoja. Kadi ya namna hiyo inaweza kubadilisha njia nzima ya kuelekea fainali.

Tunisia wao waliponzwa na siku ya kwanza. Walifungwa 1-0 na Syria, wakatoka 2-2 na Palestina, kisha wakaikandika Qatar 3-0. Hizo ni pointi 4. Wakati huohuo Palestina na Syria walikuwa wakicheza wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja akiwa na pointi 4 mkononi. Sare ya 0-0 iliwafikisha wote 5, na ushindi wa Tunisia ukakosa thamani. Palestina waliongoza kwa sababu walifunga mabao 3, Syria 2. Ndiyo maana mechi za mwisho za kundi huanza kwa wakati mmoja: zikipishana, timu ya pili huingia uwanjani ikijua tayari inachohitaji. Hata hivyo, mkizianza pamoja bado hamwezi kuzuia timu mbili zinazoridhika na sare, na Tunisia hawakuwa na wa kumlaumu baada ya kupoteza mechi ya Syria.

Swali: Komoro, Somalia na Jibuti huingiaje? Na Sudan Kusini inafanya nini kwenye Kombe la Kiarabu?

Jibu: FIFA huzialika nchi 22 za Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, pamoja na Sudan Kusini ambayo si mwanachama wa jumuiya hiyo. Jumla ni 23. Timu 9 za juu kwenye viwango huingia moja kwa moja, na 14 zilizobaki hucheza mchujo wa mechi moja. Upangaji ni wa kikatili kwa wadogo: wa 10 hucheza na wa 23, wa 11 na wa 22, na kuendelea. Washindi 7 wakiungana na wale 9 ndio hao 16 wa makundi.

Mfumo huo ndio uliowaumiza 2021. Somalia walifungwa na Oman 2-1, Jibuti na Lebanon 1-0, na Komoro wakapigwa 5-1 na Palestina. Novemba 2025 mambo yalikuwa tofauti. Somalia walimshikilia Oman 0-0 kwa dakika 90 wakapoteza kwa penalti, Jibuti wakafungwa na Bahrain bao 1 tu, na Sudan Kusini wakafungwa 2-0 na Syria. Komoro wakatoka 4-4 na Yemen, wakashinda kwa penalti na kuingia makundi. Huko walipangwa na Moroko, Saudi Arabia na Oman, wakapoteza zote tatu. Lakini kufika tu kuna maana kubwa: mechi tatu za ushindani kwenye viwanja vya Kombe la Dunia hazinunuliwi kirahisi na shirikisho dogo. Mfumo wa mechi moja, pamoja na ukali wake, ndio unaowapa nafasi. Ingekuwa nyumbani na ugenini, mkubwa angekuwa na siku ya pili ya kujirekebisha.

Swali: Nani bingwa wa mara nyingi? Rafiki yangu anasema Saudi Arabia.

Jibu: Iraq, mara 4: 1964, 1966, 1985 na 1988. Saudi Arabia wana 2 (1998 na 2002), Moroko 2 (2012 na 2025). Tunisia walichukua la kwanza kabisa Beirut mwaka 1963, Misri 1992, Aljeria 2021. Ni makombe 11 tu katika miaka zaidi ya 60, kwa sababu mashindano yalisimama mara kwa mara: kati ya 1966 na 1985 hayakuchezwa kabisa. Iraq, baada ya uvamizi wa Kuwait mwaka 1990, hawakuonekana tena hadi 2012. Kizazi kilichokulia miaka hiyo hakikuwaona, na huenda rafiki yako ni wa kizazi hicho.

Swali: Mshindi wa tatu 2025 ni nani? Nimetafuta matokeo sijayaona.

Jibu: Ni wawili. Saudi Arabia na Falme za Kiarabu walikuwa 0-0 mapumzikoni kwenye uwanja wa Khalifa, mvua kubwa ikazuia kipindi cha pili, na mechi haikurudiwa. Wakagawana nafasi.

Swali: Nusu fainali ya 2021, Qatar na Aljeria: baada ya dakika 90 kibao kilionyesha nyongeza ya dakika 9, bao la ushindi likaingia ya 17 ya nyongeza hiyo. Mwamuzi alikuwa na haki?

Jibu: Alikuwa nayo. Namba anayoinua mwamuzi wa akiba ni kiwango cha chini; mwamuzi wa kati anaweza kuongeza muda, hawezi kupunguza. Ndani ya dakika zile 9 kulitokea mambo mengine: Qatar walisawazisha ya 7, kukawa na shangwe, majeraha na ukaguzi wa VAR (marudio ya video). Kila mchezo unaposimama, muda huo una hesabu yake. Kisha ikaja penalti ya Aljeria. Kipa wa Qatar aliupangua mkwaju wa Youcef Belaïli, naye Belaïli akaukimbilia mpira uliorudi na kufunga. Hilo ni halali kwa kuwa kipa ndiye aliyeugusa. Mpira ungegonga mwamba na kumrudia mpigaji bila mwingine kuugusa, bao lingekataliwa na Qatar wangepewa pigo huru lisilo la moja kwa moja.

Swali: Lijalo lini, na wapi?

Jibu: Qatar tena, mwaka 2029, na pia 2033. FIFA iliamua hivyo 2024, ikiipa nchi hiyo makombe matatu mfululizo kuanzia la 2025.