Pikipiki ya zamani inaua betri

SWALI: Fundi habari, nina pikipiki ya Kijapani ya 1981, silinda nne, volti 12. Nimebadilisha betri mara mbili mwaka huu na bado taa zinafifia nikitembea usiku. Ninunue reguleta (kile kidhibiti cha chaji)?

JIBU: Usinunue kitu kwanza kaka, tafuta mita ya kupimia umeme. Chaji betri ijae, ipumzike masaa kadhaa, isome kama volti 12.6 hivi, halafu washa injini uvute mpaka mizunguko 4,000 kwa dakika uangalie hapohapo kwenye betri, ikifika 14 na kitu chaji ipo, ikipita 15 reguleta imekufa na ndo inakaangia betri zako, ikibaki 12 chomoa zile waya tatu za koili inayozalisha umeme kwenye injini (mara nyingi ni njano), washa injini, uweke mita kwenye volti za AC (umeme wa kubadilika) upime mbilimbili. Zote tatu zinatakiwa zifanane na zipande ukivuta mafuta. Moja ikiwa chini, koili imeungua, ipeleke ikasukwe upya. Zima injini, hamisha mita kwenye ohm, upime pia kila waya na bodi, isioneshe kuungana kabisa.

Koili ikiwa nzima, angalia soketi ya hizo waya kama imeyeyuka na ethi ya reguleta (pale inapoungana na bodi) kabla hujailaumu reguleta, mi nishaona watu wanatupa reguleta nzima kisa kutu tu ya boliti.