Fundisheni Mwanga Kwanza, Majina Yatafuata

Mwalimu mmoja wa biolojia ameniandikia akilalamika kwamba wanafunzi wake wa kidato cha tano hukariri majina ya rangi zinazonasa mwanga, yaani klorofili, bakterioklorofili na karotenoidi, vizuri sana, lakini ukiwauliza kila moja ina kazi gani, wanakaa kimya. Namjibu hapa kwa kuwa tatizo hili ni letu sote tunaofundisha usanisinuru, yaani jinsi viumbe wanavyotumia mwanga kujitengenezea chakula.

Mimi hufundisha kwa chupa, kwa mbinu aliyoianzisha Mrusi Sergei Winogradsky katika karne ya 19: tope jeusi la mikokoni, vipande vya gazeti, kiini cha yai, na maji ya bahari juu yake. Baada ya majuma kadhaa dirishani, tope hujipanga matabaka, kijani juu na zambarau chini yake. Tulipoipeleka chupa yetu kwenye maonyesho ya sayansi, jaji mmoja aliitupia jicho, akasema ni uchafu, akapita. Neno lile linaniuma hadi leo, kwa sababu wanafunzi wangu walikuwa tayari kumweleza jinsi viumbe wasioonekana wanavyogawana jua.

Sianobakteria, yaani bakteria wa lile tabaka la kijani la juu, hutumia klorofili kunasa mwanga mwekundu wa karibu nanomita 680 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Mionzi mirefu zaidi huwapita, na hiyo ndiyo riziki ya bakteria wa zambarau, ambao bakterioklorofili yao hunasa kati ya nanomita 800 na 890, mahali ambapo jicho la binadamu halioni kitu. Zambarau tunayoiona hutokana hasa na karotenoidi, ambazo hunyonya bluu na kijani, huipokeza bakterioklorofili nishati hiyo, na kuikinga seli isiharibiwe mwanga unapozidi.

Mwaka 1995 ulichapishwa muundo wa mtego wa mwanga wa bakteria mmoja wa zambarau, aliyeitwa wakati huo Rhodopseudomonas acidophila: pete yenye molekuli 27 za bakterioklorofili. Tisa hunasa nanomita 800 na kuzipa nishati zile 18 za nanomita 850. Kutoka hapo nishati huenda kwenye pete kubwa ya nanomita 875, kisha kwenye kitovu ambapo elektroni hung'olewa. Nishati hufuata mteremko kama maji ya mfereji.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, choreni ubaoni mstari wa mawimbi ya mwanga kabla ya kutaja jina lolote, na kila rangi iwekwe mahali pake kwenye mstari huo. Tusiwanyime watoto maana kwa kuwa mtihani unauliza majina. Kisha zungusheni karatasi ya foili kwenye sehemu ya chupa tangu siku ya kwanza, muwaache wanafunzi wenyewe waeleze kwa nini hapo zambarau haikuota.