Jibu: Kutenga muziki katika sauti ya filamu yenye chaneli sita

Salamu, ndugu. Umeeleza kwamba unataka kubaki na muziki wa filamu peke yake, na kwamba ulinyamazisha chaneli ya katikati, ambayo kwa kawaida hubeba mazungumzo, lakini mazungumzo bado yanasikika nyuma ya muziki. Kwanza hakikisha kwamba faili lako lina chaneli sita kweli: lifungue kwa VLC (programu ya kuchezea video) na utazame maelezo ya kodeki, yaani namna sauti ilivyosimbwa. Ukikuta «3F2R/LFE», yaani chaneli tatu za mbele, mbili za nyuma na moja ya besi, endelea. Ukikuta «Stereo», yaani chaneli mbili tu, maneno na muziki vimekwisha kuchanganywa, na hapo hakuna chaneli ya kunyamazisha.

Nilipoifanya kazi hii hapa Bukavu, usiku ambao umeme ulikatika mara mbili (hifadhi kazi yako kila baada ya hatua), niliifungua sauti ya AC3 (aina ya sauti ya filamu) katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, iliyounganishwa na FFmpeg inayoiwezesha kusoma aina hiyo, nikapata mistari sita, mmoja kwa kila chaneli. Niliufuta wa tatu, ambao ndio wa katikati, kisha wa nne, unaobeba zaidi ngurumo nzito. Mistari miwili ya mwisho, yaani ya spika za nyuma, isikilize peke yake, kwa sababu mara nyingi muziki wake ni safi kuliko wa spika za mbele (mistari miwili ya kwanza), ingawa ni hafifu na una mwangwi. Milipuko na vishindo vya nyayo vilivyobaki mbele sijafaulu kuviondoa. Mimi huchagua tu vipande ambavyo wahusika wametulia.