Kiunganishi cha Mashine ya Kupumulia Kisikubali Kukaa Nusu

Anayetaka kubuni kiunganishi cha vifaa vya kupumulia huanza kwa kuogopa kisichomoke, na hofu hiyo ni halali, ila si ndiyo inayostahili kutangulia. Kiunganishi kikichomoka kabisa, shinikizo hushuka, mashine hupiga kengele, na muuguzi hukimbilia kitandani. Kinachonitisha mimi ni kile kilichoingia nusu: kwa macho kimeshika, kinapitisha hewa ya kutosha kuinyamazisha kengele, kumbe kinavuja kidogo kidogo, na mgonjwa akigeuzwa ubavu tu kinaachia. Katika kazi yangu ya ufundi wa vifaa tiba kwenye hospitali za mikoani hapa Tanzania, kila mchoro unaoletwa mezani kwangu naupima kwanza kwa swali hilo: je, kitu hiki kinaweza kukaa nusu?

Kabla ya kuchora chochote, heshimu vipimo vilivyokwisha kukubaliwa duniani. Kiwango cha ISO 5356-1 kimeweka koni za milimita 15 na milimita 22. Ya 15 iko kwenye mpira unaoingia kooni mwa mgonjwa, na ya 22 iko kwenye mabomba ya mashine na kwenye barakoa. Mwinamo wake ni 1:40, yaani katika kila milimita 40 za urefu kipenyo hupungua milimita 1. Kwa kuwa mwinamo ni mdogo kiasi hicho, dume (kipande kinachoingia) likisukumwa ndani ya jike (kinachopokea) huku likizungushwa kidogo hukamatwa kwa msuguano peke yake, bila nati wala springi. Wabunifu vijana huliona jambo hili la kizamani na kutamani kuleta umbo lao jipya. Nawasihi waache, kwa sababu mgonjwa anayehamishwa usiku kutoka kituo cha afya hufika na mpira uliowekwa huko, na ambu, yaani mfuko wa kusukumia hewa kwa mkono, ya hospitali inayompokea lazima iingie pale pale bila mtu kutafuta adapta. Kufuli la haraka lijengwe juu ya koni hiyo, kama pete ya nje, ili siku kufuli litakapovunjika koni iendelee kushika yenyewe.

Dawa ya hali ya nusu niliyoiamini kuliko zote ni springi ndogo, au pete ya silikoni, inayosukuma dume nje mpaka kufuli likamate. Muuguzi asipofikisha mwisho, viungo viwili vinaachana mbele ya macho yake, wala havibaki vimeegemeana. Juu ya hilo naweka mkanda mwekundu kwenye dume, unaofichwa na jike pale tu linapofika mwisho. Ukionekana wekundu wowote, hakijafunga. Mlio wa kufuli pekee hautoshi, kwani katika wodi yenye feni, kompresa na ndugu wa wagonjwa hausikiki. Kufuli lisikike kwenye kidole kilichovaa glavu mbili zilizolowa, na mjaribu awe muuguzi wa zamu anayetumia mkono mmoja, kwa kuwa wa pili umeshika kidevu cha mgonjwa. Mhandisi akijaribu mwenyewe ofisini, kila kitu hufunga vizuri!

Hapo huja swali gumu zaidi, ambalo watu wengi hulipita haraka: kufuli lishike kwa nguvu kiasi gani? Kiunganishi kisichoachia kamwe huhamisha mvuto wote kwenda kwa mgonjwa. Bomba likinaswa na gurudumu la kitanda, kitakachong'oka ni mpira ulio kooni, na kuurudisha si kazi ya dakika moja wala ya kila mtu. Kwa hiyo mimi hufunga kwa kufuli upande wa mashine, na upande wa mgonjwa naacha koni ya kawaida yenye kiungo kinachozunguka ili msokoto wa bomba usifike kwenye mpira. Uzito wa mabomba ubebwe na mkono wa chuma uliofungwa kitandani. Nguvu ya kuachia tunaipima kwa mizani ya springi, ile ile ya wauza samaki, kiunganishi kikiwa kikavu, kisha kikiwa na unyevu wa pumzi, na kiwango chenyewe tunakubaliana na daktari wa usingizi badala ya kukikisia.

Kiunganishi kizuri pia hukataa kisichokuwa chake. Vichwa vya Luer, vile viungo vidogo vya koni vya kuunganishia sindano, vilienea kwenye sindano, dripu na hata mipira ya kupimia presha, kimoja kikaweza kuingia kwenye kingine kimakosa, na ndiyo maana mfululizo wa viwango vya ISO 80369 ukatengenezwa, kila matumizi yapate umbo lake. Kwenye mitungi ya gesi ulinzi huo ni wa zamani: pini za oksijeni ziko nafasi ya 2 na 5, za gesi ya nitrasi (ya usingizi) 3 na 5, kwa hiyo mtungi usio sahihi haukai hata rangi yake ikiwa imefutika. Ukitengeneza adapta ya kuleta mpira mwembamba wa oksijeni kwenye koni ya milimita 15, acha tundu pana la ubavuni ambalo shuka haliwezi kuliziba. Bila tundu hilo oksijeni huingia na pumzi haina pa kutokea, mapafu yakajaa hadi kupasuka.

Kuhusu printa za 3D, mfano wa Italia unafaa kusomwa wote. Machi 2020, kampuni ndogo ya Isinnova katika mkoa wa Brescia ilichapisha vali za Venturi, zinazochanganya oksijeni na hewa, kwa ajili ya hospitali iliyoishiwa, kisha ikabuni kiunganishi kilichogeuza barakoa za kuzamia za Decathlon kuwa vifaa vya kusaidia kupumua. Sehemu isiyosimuliwa sana ni kwamba kifaa hicho hakikuwa kimeidhinishwa, na kilikusudiwa kwa dharura tu, mgonjwa akiwa ameridhia. Hapa kwetu, mfano wa kwanza ubaki karakanani mpaka taratibu za TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, zifuatwe. Na tabaka za printa huacha mifereji myembamba kwenye koni, nayo huvuja. Chapisha kwa ziada kidogo, kisha malizia kwa kerezo, na ujaribu kwa maji ya sabuni.

Plastiki ya PLA, inayotumika sana kwenye printa hizo, hulainika kwenye nyuzi 60 hivi, basi haifai kabisa kuchemshwa. Polikaboneti ni ngumu na inapendeza, ila jike lake, ambalo daima limetanuliwa na dume, hupata nyufa kama nywele likifutwa kwa spiriti mara kwa mara. Oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) zinazogusa oksijeni zisipakwe grisi ya kawaida wala mafuta ya nazi, hata kama zinaingia kwa shida, kwa sababu mafuta na oksijeni yenye shinikizo huwaka moto.

Kiunganishi chenye ufa kikatwe kwa msumeno siku hiyo hiyo. Kikitupwa kizima, kesho atakiokota mtu mwenye nia njema, atakiosha na kukirudisha wodini.