Umefika ukurasa wa ngapi?

Kwa miaka minne niliishi Kimara bila kujua jumuiya yangu inasali wapi. Kwamba ipo, nilijua. Kila mwisho wa mwezi mama mmoja alibisha hodi getini, nampa bahasha ya zaka, ananiambia "karibu Jumamosi, baba", nami namjibu "nitakuja mama, kazi tu zinabana". Jumamosi saa 12:30 asubuhi, wao wakiwa wanaimba nyumba ya tatu kutoka kwangu, mimi nilikuwa nimejifunika shuka hadi masikioni.

Kilichonitoa kitandani hakikuwa wito. Mtoto wetu wa pili alikuwa abatizwe, nikaenda ofisi ya parokia kumwandikisha, na swali la kwanza halikuwa jina la mtoto. "Unatoka jumuiya gani?" Nikataja. "Mwenyekiti wako ni nani?" Nikanyamaza. Mke wangu akageukia dirishani kana kwamba kuna ndege wa ajabu huko nje. Nikaambiwa nikalete barua ya mwenyekiti, na ilibidi nianze kwa kuulizia anakaa wapi. Kumbe ni yule mzee tuliyekuwa tunapishana dukani kila jioni, mimi nikinunua vocha, yeye mkate.

Nalisema hili mapema kwa sababu ushauri mwingi kuhusu malengo huanza na mtu aliyeamka siku moja akaamua. Mimi sikuamua kitu. Nilifuata barua, nikaikuta ina masharti: mzee aliniandikia, kisha akasema, "Jumamosi tunakuona." Ningeanzaje kutokwenda?

Kwa wasiojua, jumuiya ndogo ndogo ni majirani Wakatoliki wa mtaa mmoja, kaya kumi na tano au ishirini hivi, wanaosali pamoja kila wiki kwa kuzunguka nyumba kwa nyumba. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena 1976, ndipo walipoufanya utaratibu huu kuwa msingi wa kazi yao katika nchi zetu. Parokia zilikuwa kubwa, mapadre wachache, na watu walikuwa wanakaa benchi moja Jumapili hadi Jumapili bila kujuana majina. Hapa kwetu, wazee wanasema, haikuwa shida kueleweka. Watu walishazoea balozi wa nyumba kumi.

Kinachofanyika ni kidogo. Wimbo, sala, Injili ya Jumapili inayofuata, kila mwenye neno analisema, maombi, sadaka, matangazo: nani mgonjwa, nani kafiwa, zamu ya kusafisha kanisa ni ya lini. Ikitimia saa nzima, watu wanaondoka. Siku za mwanzo nilijiuliza ni nini hasa kinachowaamsha hawa watu kwa ajili ya jambo dogo namna hii.

Jibu nililipata mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea. Zamu ilikuwa ya mama mmoja mjane anayekaa chini kabisa kwenye korongo, njia ambayo hata bodaboda wanaikataa ikinyesha. Nilichungulia dirishani nikajiambia leo hakuna kitu. Nilikwenda kwa sababu moja tu: wiki iliyotangulia nilipewa kusoma somo la kwanza. Nikafika suruali imelowa hadi magotini. Tulikuwa wanne, na yeye wa tano. Sebule ilikuwa imefagiliwa, meza ina kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, msalaba, mshumaa ndani ya glasi. Viti vya plastiki kumi na viwili vimepangwa, vingine vina alama za rangi ya wenyewe alikoviazima. Mwenyekiti akatazama saa yake, akafanya ishara ya msalaba, tukaanza. Hakuna kilichorukwa. Tuliimba beti zote, watu watano, mvua inatuzidi sauti juu ya bati.

Tulipomaliza mama yule akasema yuko macho tangu saa 10. Basi. Hakulalamika, hakusifu. Mimi nikarudi nyumbani nikiviwaza vile viti saba vilivyobaki vitupu. Ningebaki kitandani vingekuwa vinane, na mtu aliyeamka saa 10 angeviona.

Sasa nije kwenye upande wangu, maana ndiko ushauri wenyewe uliko.

Lengo langu la miaka hiyo yote lilikuwa CPA, cheti cha juu cha uhasibu. Mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, huwa Mei na Novemba, kwa hiyo kila mwaka unapewa nafasi mbili za kujiona mjinga. Nilishakwama hatua ya mwisho mara mbili, na kosa lilikuwa langu. Ratiba nilikuwa nayo, tena nzuri: karatasi ya manila, kalamu za rangi nne, saa 10 alfajiri kodi, saa 3 usiku ukaguzi wa hesabu. Niliibandika ukutani juu ya friji. Ilidumu siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nilitoka kazini usiku, nikala, nikalala, na hakuna binadamu aliyejua kuwa kuna kitu kimevunjika. Ratiba yenyewe iliendelea kung'aa pale juu kwa rangi zake hadi kona moja ikabanduka.

Wakati huo nilikuwa najiita mvivu. Siku hizi siamini hivyo. Mtu yule yule aliyeshindwa kuamka saa 10 kwa ajili ya vitabu vyake alivuka korongo lenye matope kwa ajili ya somo la kwanza. Sikuwa na bidii zaidi Jumamosi kuliko Jumatano. Jumamosi nilikuwa nasubiriwa.

Kwenye jumuiya yetu yupo mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alinisikia siku moja nikijitetea kwa mwenyekiti kwamba nakosa muda wa kusoma, akauliza kitabu kina kurasa ngapi. Nikamwambia mia nne na kitu. "Umefika ukurasa wa ngapi?" Thelathini na nane. Hakusema neno. Jumamosi iliyofuata, tukiwa tunavaa viatu mlangoni, akauliza tena. Thelathini na nane. Iliyofuata, hamsini na tano, na nakiri kwamba kumi na saba hizo nilizisoma Ijumaa usiku ili nipate cha kumjibu. Kodi ya ongezeko la thamani Mwalimu haijui hata kidogo. Hakuwahi kutaka kujua nimeelewa nini. Alitaka namba.

Mama Katibu, ambaye hapitwi na kitu, akaanza kuiandika. Ana kaunta buku la mahudhurio, majina kushoto, Jumamosi kulia, tiki na sifuri. Pembeni ya tiki yangu akaweka namba ndogo kwa kalamu nyekundu: 55, 71, 71, 96. Wengine wakaona, wakataka zao. Binti anayerudia mtihani wa kidato cha nne akaandikiwa mada. Baba mmoja anayejenga Mbezi akaandikiwa matofali. Mama wa vitumbua alikataa kata kata kuandikiwa siku alizoweka akiba, akasema hesabu zake zinamhusu yeye na Mungu, tukacheka, na alikuwa na haki yake.

Baadaye watatu wetu tukawa hatuondoki. Sala ikiisha tunabaki barazani kwa mwenye zamu mpaka saa 4, kila mtu na kitabu chake. Hatufundishani. Tunanyamaza pamoja, na mmoja akishika simu mwingine anakohoa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanzie wapi, simwambii atengeneze ratiba. Namwambia atafute watu ambao tayari wanakutana, siku moja isiyohama, mahali anapofika kwa miguu. Neno "kwa miguu" nalisisitiza, maana kila nilichokipanga kinachohitaji nauli na foleni kilikufa. Kisha aombe kazi ndogo. Kusoma somo, kuwasha mshumaa, kubeba nyimbo, kushika funguo. Asikae mgeni muda mrefu, mgeni akikosekana hakuna anayestuka. Lengo lake alitamke mbele yao kwa namna inayohesabika, na kwa mtu ambaye si mtaalamu wa jambo hilo, kwa sababu mtaalamu utamdanganya kwa maneno makubwa na atakuelewa.

Hili si la Wakatoliki peke yao. Rafiki yangu wa KKKT alianza kuacha pombe kwa sababu ya mazoezi ya kwaya: ni katikati ya wiki jioni, saa ile ile aliyokuwa anakaa baa, na sauti ya nne ina watu watatu tu. Jirani yangu Mwislamu, niliyemsifia kwa kuamka alfajiri miaka yote, alinijibu kwamba nyumbani angelala. Anaamshwa na wazee wa safu ya mbele ambao asipoonekana msikitini siku mbili wanatuma mtoto kuuliza kama ni mzima.

Babu yangu alikuwa fundi seremala kwenye karakana ya misheni Peramiho, ambako Wabenediktini wamekuwepo tangu 1898. Kanuni ya Benedikto inamtaka mmonaki aache kilichomo mkononi mara asikiapo ishara ya sala, na babu, ambaye hakuwa mmonaki, alikuwa ameambukizwa. Kengele ya saa 6 mchana ikilia aliacha randa katikati ya ubao, unyoya wa mbao bado umening'inia kwenye ulimi wa randa, akasali Malaika wa Bwana, akaendelea pale pale. Hakuwa na saa ya mkono. Uzeeni wanawe wakamhamishia Songea mjini. Nilipomtembelea nikagundua hasali tena mchana. Nilipomuuliza alinitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Kengele haifiki huku."

Nilikuwa kijana, nikadhani imani yake ilikuwa nyepesi. Leo nikilikumbuka jibu lile naona aibu kidogo, na mimi ndiye niliyebandika manila juu ya friji.

Nisiipambe jumuiya, lakini. Zipo zilizogeuka dawati la michango: dakika kumi Neno la Mungu, dakika arobaini pesa, na majina ya wanaodaiwa yanasomwa mbele ya watoto wao. Watu hawaachi kusali kwa sababu ya hilo, wanaacha kuja. Kwetu tulivutana kweli kweli mpaka ikakubaliwa mweka hazina asome jumla tu, na wa kudaiwa afuatwe kwake. Jambo la pili lilikuwa chai. Mmoja akaandaa chai na mkate, anayefuata akaongeza mayai, wa tatu akaleta supu, na baada ya hapo kaya nne mfululizo zikaomba kurukwa kwenye zamu. Hakuna aliyesema sababu. Mwenyekiti akaelewa, akatangaza kuwa kuanzia leo ni maji ya kunywa basi. Zamu ikarudi. Ukiwa na kikundi chochote kile kinachozunguka majumbani, cha sala, cha kusoma, cha kikoba, angalia hapo kabla hujaangalia kitu kingine.

Na wanaume hatuji. Jumamosi ya kawaida tuko kumi na wanne, wanaume watatu, na mmoja wa hao watatu ni mlinzi anayetoka lindo saa 12 akapitiliza kwetu na sare yake. Husinzia wakati wa tafakari. Hakuna anayemgusa. Maombi yakifika huwa ameamka, na ombi lake huwa fupi kuliko yote.

Halafu kuna siri, ambayo hutakuwa nayo tena. Matokeo ya Mei yalipotoka nikawa nimepata yote isipokuwa moja, mama wa vitumbua alinipa pole asubuhi kabla sijamweleza hata mke wangu. Mpaka leo sijui alijuaje. Iliniuma nusu siku. Jioni Mwalimu akapita nyumbani, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akakaa, akanywa maji, akauliza lile somo lililobaki lina kitabu cha kurasa ngapi.

Mia tatu na kumi na mbili. Mtihani ni Novemba. Jana Mama Katibu kanitumia ujumbe: "Jumamosi ni kwako baba. Viti vipo? Na ukurasa?" Nimemjibu kwamba viti vipo.