Kwa mnaoanza jarida dogo: someni maisha ya Walt Willis

Wadogo zangu mnaotaka kutoa jarida la hadithi za kubuni za kisayansi, karibu kila mmoja huniuliza kwanza habari ya pesa. Nawaomba muanzie kwa Walt Willis, mtumishi wa serikali wa Belfast, Ireland ya Kaskazini. Mwaka 1948 alianza kutoa jarida lake, Slant, kwa mashine ndogo ya chapa ya mkono, herufi za madini ya risasi zikipangwa moja moja kwa vidole. Rafiki yake James White alichonga michoro kwenye mbao.

Kwa kazi ya namna hiyo, kila neno lina jasho lake. Ndiyo maana nikipokea makala ya mwandishi mgeni humuuliza: aya hii ungekubali kuipanga herufi kwa herufi? Wengi hufuta nusu wenyewe, na kilichobaki husomeka vizuri mno.

Kisha kuna barua, na hapa ndipo ningependa mkae sana. Mashabiki wa mwanzo wa hadithi hizi Marekani walijuana kupitia kurasa za barua za jarida la Amazing Stories, kwa kuwa mhariri wake, Hugo Gernsback, alichapa na anwani za waandikaji. Kutokana na barua hizo zikazaliwa klabu, na mwaka 1930 jarida la mashabiki wenyewe, The Comet. Tangu hapo, nakala nyingi za majarida haya hazikununuliwa: uliandika maoni, au ulituma jarida lako, nawe ukatumiwa. Basi jibuni kila barua. Chapisheni hata zinazowakosoa. Katika Hyphen, jarida alilolianzisha mwaka 1952, Willis alijaza jalada la nyuma kwa sentensi alizookota kwenye barua na mazungumzo. Msomaji aliyejiona pale alikuwa na sababu ya kuandika tena. Mwaka huohuo mashabiki wa Marekani, ambao wengi walimfahamu kwa maandishi tu, walichanga nauli akaenda kwenye kongamano lao Chicago.

White, pamoja na Bob Shaw wa kundi lao la Belfast, wakawa watunzi wa riwaya. Willis alibaki shabiki, na mwaka 1958 akapewa Hugo, tuzo ya hadithi za kubuni za kisayansi, kwa ushabiki huo. Mimi naiheshimu sana njia yake.

Kwa hiyo habari ya pesa na mchapaji isubiri. Tafuteni kwanza wenzenu wawili wa kukaa nao mezani, na wasomaji kumi mtakaowaandikia kila mmoja kwa jina lake.